Mfuniko wa Jiko la Garland

Katika kaunti yetu, huku kusini mwa Marekani, kanisa likivuja, mtu akifa, au mtu akitaka kura, anachomwa nguruwe mzima. Na nguruwe aliyesifiwa kuliko wote alikuwa wa baba mkwe wangu, Garland Haddock. Watu walikuja hata kutoka kaunti za jirani, wakashuka kwenye pikapu zao na kufuata harufu ya siki na pilipili mpaka nyuma ya ghala letu la tumbaku. Wengine hufunika nguruwe wao kwa mabati ya paa. Garland alikuwa na mfuniko. Ulikuwa mzito, mweusi tititi, wenye vishikio viwili vya chuma vilivyochomoza nje ya kingo zake, na kuunyanyua kulihitaji wanaume wawili, yeye na mume wangu Wendell. Moto ukishatulia chini ya mfuniko ule joto halipotei, nyama inaiva taratibu mpaka inaachana na mfupa yenyewe. Garland akiulizwa siri yake alikuwa akijibu kwamba siri ni mfuniko, na watu wanacheka wakidhani anawazuga.

Mimi nimeolewa humo tangu nikiwa msichana. Nyama ya mfuniko ule nimeigawa kwa mikono yangu kwa nusu ya kaunti, pamoja na kabichi ya siki na vitumbua vya unga wa mahindi. Nilikuwa najivuna nayo kweli kweli. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nilikuwa mgeni kwenye meza ile.

Mwaka huu jimbo lilikubali hatimaye kutuletea kibao kipya cha kumbukumbu ya Seneta Hosea Speight, cha kusomwa na wapita njia. Kile cha zamani kilikuwa kimesimama njia panda ya Tucker, ukingoni mwa shamba letu la viazi vitamu, mpaka lori la magogo lilipokigonga na kukiangusha. Baada ya hapo hakuna aliyejua kilikokwenda. Wengi walisema kimeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Speight alizaliwa mtumwa katika kaunti hii hii, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha akawa mtu mweusi wa kwanza kutoka huku kuketi katika seneti ya jimbo. Kitukuu wake ni Bi Odessa Speight, mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma watoto wangu, na kabla yao Wendell, na karibu kila mtu hapa, weupe kama sisi na weusi kama yeye. Mpaka leo hakuna anayethubutu kutafuna bigijii mbele yake. Tangu kibao kipotee alikuwa akiwasumbua watu wa jimbo wakirudishe. Wakimwambia fedha hakuna, anangoja kidogo, halafu anaanza upya.

Kibao kipya kilikuwa kisimamishwe Jumamosi, pale pale penye kile cha zamani. Kwa kuwa ardhi ni yetu, Wendell aliombwa atoe neno la kuwakaribisha watu. Nami kwa kiherehere changu nikasema hatuwezi kuishia kwenye neno tu, lazima tuchome nguruwe. Garland akaguna. Wendell akatazama sahani yake. Nikadhani ni ubahili, nikawasema wote wawili mpaka wakakubali.

Alhamisi walikwenda mnadani kuchagua nguruwe. Nikabaki nyumbani nikiutazama mfuniko ulivyoegemea ukuta wa ghala, nikaona haya kwa sababu ya masizi. Tungekuwa na wageni kutoka makao makuu ya jimbo na mpiga picha wa gazeti, na kitu kile hakikuwahi kuoshwa hata siku moja. Garland hakutaka uguswe kwa sabuni. Alidai ukiuosha umeosha na ladha. Upande wa juu ulikuwa umefunikwa bati lililokazwa kwa skrubu, kwa hiyo huo sikuwa na kazi nao. Uchafu ulikuwa upande wa ndani, ule unaomwangalia nguruwe. Nikauangusha chali kwenye majani, nikaupulizia dawa ya kusafishia oveni, nikaacha iingie, kisha nikaleta mashine ya maji ya nguvu.

Mafuta yaliyogandana yalianza kubanduka mapande mapande. Chini yake zikatokea herufi zilizoinuka. Nikafikiri ni jina la kiwanda, kwamba labda ule ulikuwa mlango wa jiko la zamani la chuma. Nikasogeza maji. Likatokea neno Seneta. Nikasogeza tena, likatokea Speight. Jina la kwanza halikusomeka vizuri, kwa sababu bolti ya kishikio kimoja ilikuwa imepitishwa katikati yake.

Nilizima mashine nikakaa chini kwenye matope niliyoyafanya mwenyewe. Nikasoma mpaka mwisho. Kilisema alizaliwa mtumwa, kwamba alipigania shule za bure kwa watoto wote wa jimbo, kwamba amezikwa katika uwanja wa kanisa la Hebroni. Hebroni ni kanisa la Bi Odessa. Paa la Hebroni lilipokuwa linavuja tuliwachomea nguruwe wa kuchangisha, nao walijaa uani kwetu na mavazi yao ya Jumapili, wakala, wakatuombea baraka. Tuliwalisha nyama iliyoivia chini ya jina la mzee wao. Aibu ikanivaa kuanzia shingoni. Sikuwa na pa kuiweka.

Na kuna jambo jingine lililonimaliza zaidi. Garland hajui kutumia drili, mikono inamtetemeka tangu zamani. Kazi zote za kutoboa na kukaza hapo nyumbani ni za Wendell. Huwezi kulitoboa jina la mtu bila kuliona.

Walirudi mchana. Garland ndiye aliyepita kona ya ghala kwanza. Akauona mfuniko, akaniona na matope yangu. Hakushtuka.

"Nilikwambia usiuoshe," akasema.

Basi tukayamaliza pale pale, au tuseme tukayaanza. Alieleza bila haraka, kwa ile sauti yake ya kueleza bei ya viazi. Alikiokota mtaroni siku lori lilipokigonga. Aliwapigia simu watu wa barabara wa jimbo, wakasema watakuja, hawakuja. Kikakaa ghalani. Kikapita kimbunga kikabeba mabati, na kulikuwa na nguruwe wa kuchoma kesho yake, wakatumia kilichokuwa karibu. Nguruwe yule akatoka mtamu kuliko wote waliowahi kuwachoma. Baada ya hapo, akasema, ilikuwa vigumu kurudi nyuma.

Nikamuuliza kama aliwapigia tena watu wa jimbo. Akasema yeye si karani wao. Nikamkumbusha kibao cha Kanali Croom kule barabara ya mtoni, yule mzungu mwenye mashamba ambaye kaunti nzima inamtukuza. Kimbunga kile kile kilikipinda, na Garland alikwenda asubuhi yake na trekta akakinyosha, bila kumpigia mtu yeyote simu. Aliporudi aliisimulia wiki nzima.

"Baba, kingekuwa cha Croom ungekichomea nguruwe?"

Alivua kofia akaitazama ndani, kana kwamba jibu limo humo. Wendell akasema, "Twyla, basi." Ndiyo maneno pekee aliyotoa. Nikamgeukia, nikamuuliza lile bati la juu, linaloficha maandishi ya upande wa pili, alilikaza nani. Akasema yeye. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Baba alimwambia. Mwanamume wa makamo, mwenye watoto wakubwa, ananiambia Baba alimwambia. Nimempenda Wendell maisha yangu yote, lakini siku ile nilimwonea aibu, nikajionea na mimi niliyemchagua.

Nikawaambia kesho nakipeleka kwa Bi Odessa. Hapo ndipo Garland alipopandwa na hasira. Alisema kipya kinakuja, cha zamani kina kazi gani tena, heri kitupwe mtoni usiku yaishe. Alisema nikikipeleka nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kaunti nzima, yeye ambaye hajawahi kumnyima mtu sahani. Na hilo ni kweli, hajawahi. Ndiyo sababu sikulala vizuri.

Ijumaa asubuhi Wendell alinisaidia kukipakia kwenye pikapu. Alishika upande wake, mimi wangu, tukakisukuma ndani kikalala juu ya magunia. Nilifungua mlango wa upande wa abiria nikamngoja. Akaufunga polepole akaenda kuangalia matrekta.

Bi Odessa alikuwa barazani anamenya maharage ndani ya beseni. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima, na nilipozima gari yote yakanitoka.

"Bi Odessa, sijui nianzie wapi."

"Anza kwa kukaa," akasema. "Nyuma ya gari lako kuko wazi. Nimeshakiona."

Alinyanyuka, akashuka ngazi akijishikilia, akakitazama. Hakukigusa. Nilingoja apige kelele, au aniulize, au akae chini. Alichosema ni kwamba kumbe kimeoshwa. Kisha akarudi kwenye kiti chake na beseni lake. Mimi nikaanza kulia.

"Usinililie, Twyla. Ukilia itabidi nikubembeleze, na leo sina nguvu hizo."

Nikajikaza. Nikamweleza kila kitu, lori, kimbunga, bati, bolti. Alikuwa akimenya maharage muda wote. Nilipomaliza akaniambia alikuwa akijua. Alijua tangu siku ile ya paa la Hebroni. Alikwenda nyuma ya ghala kumwombea kaka yake ngozi ya nguruwe iliyokauka motoni, akakuta wameutoa mfuniko wameuegemeza kwenye tela, upande wa ndani ukiwa nje. Ulikuwa mweusi kwa mafuta, lakini kibao kile mama yake ndiye aliyezunguka kaunti nzima kukusanya sahihi ili kiwekwe, na siku kilipozinduliwa yeye alikuwa amesimama karibu nacho akikisoma kila alipochoka kusikiliza hotuba. Hata kingepakwa lami angekijua.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Watu wangu wamekaa mezani kwenu wanakula wanacheka, na paa linavuja. Niwaambie watapike?" Alitupa maganda kwenye ndoo. "Nilifunga sahani yangu nikaenda nayo nyumbani. Mbwa alifaidi."

Nikamuuliza mbona basi aliendelea kuja kwetu kila tulipochoma. Alikuwa haachi. Misiba, kampeni, kila kitu, alikuja na kiti chake cha kukunja.

"Nilikuwa nakuja kuangalia kama leo ndiyo siku mtu mzima mmoja wa nyumba ile atanivuta pembeni aniambie. Bwana Garland ananisalimia vizuri sana, unajua? Ananiuliza hali ya magoti yangu. Na yule Wendell wako, nilimshika mkono nikamwonyesha herufi moja moja. Kila mwaka nasema, labda huyu."

Nikasema samahani. Nilisema mara nyingi mno, mpaka nikasikia mwenyewe linavyokuwa jepesi. Nikamwambia kitu ambacho sasa nakikumbuka nauma meno. Nilimwambia kwamba kimerudi sasa, na kwamba labda haina haja watu wote wajue, yasije yakaharibu siku ya Seneta. Nilijidai namwonea huruma Seneta. Kumbe nilikuwa natafuta mlango wa kutokea.

Bi Odessa aliweka beseni chini.

"Mimi si pipa lako la kutupia aibu hii, mwanangu. Wewe umekuja, nami nimeona kwamba umekuja. Lakini wewe hukutoboa kitu. Kesho Wendell atasimama kuwakaribisha watu. Aseme yeye. Sitaki hotuba, sitaki machozi. Aseme tu walichokifanya, kwa mdomo wake, mbele ya waliokula. Akisema, yataisha kwangu. Asiposema, nitasema mimi, na nitasema ninavyojua mwenyewe."

Vijana wawili wa kanisa walikuja kukishusha. Waliangalia vishikio, wakaangaliana, wakakibeba kimya. Mimi nilikuwa nimesimama pale na funguo mkononi, natamani ardhi ipasuke.

Jioni nilimwambia Wendell neno kwa neno. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavua buti. Akasema amesikia. Nikamuuliza kama atasema. Akarudia kwamba amesikia. Nilimpigia pasi shati lake jeupe, nikalipiga vizuri hata kola, kwa sababu niliamua kuamini kwamba kusikia kwake ni ahadi.

Jumamosi kulikuwa na jua zuri, na watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Viti vya kanisa vilipangwa kwenye majani kando ya barabara. Garland hakukaa na watu. Alibaki jikoni kwake, hatua chache nyuma ya viti, penye matofali ya saruji aliyoyapanga hapo kwa siku ile, anamwangalia nguruwe aliyefunikwa mabati ya kawaida. Wanaume waliopita kumsalimia walimtania kwamba leo mfuniko umeenda likizo. Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja tu wa mdomo. Mbele ya viti, karibu na kibao kipya kilichofunikwa kitambaa, palikuwa na meza, na juu yake kitu kingine kimefunikwa kwa joho la kwaya. Hakuna aliyekiulizia. Watu wakiona joho la kwaya wanadhani ni keki.

Kwaya iliimba. Ofisa wa jimbo alisoma hotuba yake, akavuta kitambaa, kibao kipya kikang'aa, watu wakapiga makofi. Kisha akaitwa Wendell.

Alisimama mbele ya kipaza sauti akashukuru mvua. Akasema mwaka huu viazi si vibaya. Akasema familia yetu imekuwa jirani ya Hebroni tangu enzi za babu zake, na kwamba ujirani mwema ni kitu adimu siku hizi. Hapo nilimwona anamtazama baba yake kule nyuma, juu ya vichwa vya watu, na baba yake akitazama mabati. Moyoni nilikuwa namwambia sema, Wendell, sema moja tu. Bi Odessa alikuwa mstari wa mbele, mikono yake imelala kwenye mapaja, anamngoja kama mtu mwenye siku nzima.

"Basi karibuni sana," Wendell akasema. "Nyama ipo."

Akarudi akakaa karibu yangu. Shati lilikuwa limelowa mgongoni. Uso ulinishuka kiasi kwamba sikuweza kumtazama mtu wa mbele wala wa nyuma. Na mimi nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusimama. Nilibaki nimekaa, nimeshika mkoba.

Bi Odessa akainuka. Hakuhitaji kipaza sauti, ile sauti ya darasani haijamtoka. Alimshukuru ofisa, akawashukuru waimbaji. Kisha akasema ana habari njema ambayo watu hawajaisikia, nayo ni kwamba kibao cha zamani hakikupotea. Pakawa na mnong'ono wa furaha. Alisema familia ya Haddock walikiokota mtaroni siku ile ile kilipogongwa, wakakipeleka nyumbani kwao, na wamekuwa nacho muda wote huu. Hakuna neno hata moja alilodanganya.

"Naomba Bwana Garland aje mbele. Na Wendell, simama. Tuwapigie makofi majirani zetu."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Watu walisimama. Wazee wa Hebroni, wanawake wenye kofia zao kubwa, walitugeukia na nyuso za upendo kabisa. Mama mmoja nyuma yangu alinishika bega akaniambia Mungu atatulipa. Vijana wawili wa kanisa, wale wale wa jana, walimwendea Garland wakamshika mikono kwa heshima wakamleta mbele. Hakuwa na pa kukimbilia. Wendell alisimama hapo karibu yangu, na mimi ikanibidi nisimame. Tukawa tumesimama watatu mbele ya kaunti tunapigiwa makofi.

Ndipo Bi Odessa akaondoa joho.

Kibao kilikuwa kimeegemezwa wima, kinawaangalia watu. Nilikuwa nimekiosha, lakini pembeni masizi yalikuwa bado yameganda, na alumini imebabuka rangi ya kahawia mahali moto ulipokuwa ukipenda kukaa. Na vishikio vilikuwepo. Hakuna mwanamume katika kaunti yetu asiyevijua vishikio vile. Wote wamewahi kusimama na sahani zao tupu wakiwaona Garland na Wendell wakivishika na kuhesabu moja, mbili, tatu, kabla ya kufunua.

Mstari wa mbele waliacha kupiga makofi kwanza. Shemasi Roscoe wa Hebroni alibaki na viganja vyake vimeachana, akiangalia vishikio, halafu jina, halafu vishikio. Kisha wakaacha wa mstari wa pili. Ukimya ulikwenda nyuma taratibu, kiti kwa kiti, kila mmoja akiona kilichoonekana. Lakini kule mwisho, karibu na magari, watu walikuwa hawaoni, wao wakaendelea kutupigia makofi, na mmoja alikuwa anapiga mbinja. Iliendelea muda ambao siwezi kuueleza.

"Acheni," Garland akasema. Alisema chini chini, anatazama majani. "Msinipigie makofi. Nimekuwa nikikichomea nguruwe."

Bi Odessa hakumwondolea macho.

"Sema kwa sauti, Garland. Wa nyuma hawajakusikia."

Nimewafahamu wote wawili muda wote huu na sikuwahi kumsikia Bi Odessa akimwita bila Bwana. Hata yeye Garland alilisikia, maana alinyanyua uso. Alikuwa mzee sana ghafla, kofia mkononi, nywele chache zimeinuliwa na upepo. Akavuta pumzi akapaza sauti kwa nguvu zake zote, mpaka ikakwaruza. Alisema tulikiokota, hatukukirudisha, tukakichomea nguruwe, na nguruwe huyo mmemla ninyi. Huko nyuma makofi yakakatika. Yule wa mbinja naye akanyamaza.

Bi Odessa alimgeukia Wendell, akangoja. Nadhani alimngoja namna ile ile alivyomngoja akiwa mtoto, amekwama kwenye neno.

"Nilitoboa mimi," Wendell akasema. "Nilisoma jina kwanza, ndiyo nikatoboa."

Bi Odessa aliitikia kwa kichwa, mara moja. Hakusema amesamehe, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwomba. Akakifunika kibao kwa joho, akazigeukia zile nyuso zote, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba chakula kiko tayari uwanjani Hebroni, ng'ambo ya barabara, kuku na viazi na mkate wa mahindi, kanisa limepika tangu jana na kinawatosha wote. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ametegemea hata siku moja kwamba watakula kwetu.

Watu wakainuka wakavuka. Hebroni walivuka, ofisa wa jimbo na mpiga picha wakavuka. Na wale wetu pia, wale wa kuchoma nguruwe, marafiki wa Garland wa tangu utoto, walisimama kidogo wakikwangua majani kwa ncha za viatu, wakavuka. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali wangetutukana. Bi Odessa alikuwa wa mwisho, ameshikwa mkono na Shemasi Roscoe, na alipokuwa anapita karibu yangu alisimama.

"Twyla, wewe unaweza kuja. Sahani yako ipo."

Nilitaka kwenda. Nasema kweli, nilitaka kuliko kitu chochote, kukaa kati ya watu wale nikale kuku na kuonekana mimi si kama Garland na Wendell. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kuwasikia wakinisifu, kila mtu, kwamba Twyla ndiye aliyekipeleka, Twyla ana moyo, nami nikakumbuka jana nilivyomwomba anyamaze. Nikamwambia asante, Bi Odessa, nitabaki. Aliniangalia kidogo, kisha akavuka barabara.

Tukabaki watatu na viti vitupu. Garland alikaa kwenye kimojawapo, na Wendell akasimama katikati asijue aende wapi. Nguruwe alikuwa ameiva, harufu yake inatoka chini ya mabati, ile ile harufu nzuri, na ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameanza sala ya chakula. Nikaenda kuchota maji nikauzima moto.